Chatu Mchanga Asiyekula

Huku kwetu mtu akimwona nyoka kizingitini hukimbilia fimbo, wala hatumlaumu, kwa kuwa nyoka wengine wana sumu kali. Lakini katika Ulaya na Marekani wako watu wengi wafugao nyoka nyumbani, kama wengine wafugavyo njiwa na sungura. Apendwaye sana ni chatu mdogo wa Afrika, asiye na sumu, akaaye tangu Senegal mpaka Uganda. Akiogopa hujiviringa kama mpira na kukificha kichwa katikati. Wengi walipelekwa ng'ambo kutoka Ghana, Togo na Benin. Wengine huzaliwa huko huko kwa wafugaji. Leo twataka kueleza sababu gani mtoto wa chatu huyo hukataa chakula, au hukitapika baada ya kukimeza.

Kwanza tufahamu kwamba mwili wa nyoka hauna joto lake wenyewe kama wetu. Hulipata kwa vitu vinavyomzunguka. Tena nyoka hatafuni, bali humeza panya mzima. Akikosa joto, tumbo lake halifanyi kazi, na yule panya huoza ndani kabla ya kuyeyuka. Ndipo nyoka humtapika. Kwa hiyo sanduku lake liwe na upande wenye joto la digrii 31 hadi 33, na upande wa pili wenye digrii 25 au 26, apate kujichagulia mahali. Joto hilo lijulikane kwa kipimo, si kwa kukisia kwa mkono.

Sababu ya pili ni ulafi wa mfugaji, si wa nyoka: humpa panya mkubwa ili akue upesi. Panya asizidi unene wa nyoka mwenyewe mahali aliponenepa zaidi. Sababu ya tatu ni kumshikashika. Akiisha kula, aachwe siku mbili bila kuguswa.

Basi, nyoka ametapika, tufanye nini? Hapa ndipo wengi humwua kwa huruma. Huona tumbo tupu, nao humpa panya mwingine siku ile ile. Lakini yale maji makali ya tumbo yamemchoma koo alipotapika, na tumbo lenyewe limedhoofika. Akilishwa tena mara moja hutapika tena, na kila mara nguvu hupungua. Afadhali angoje siku 10 hadi 14, akiwa na maji safi na joto la kutosha. Kisha apewe panya mdogo, nusu ya kipimo cha kwanza. Asipomtapika, aongezewe polepole. Akitapika mara ya pili, apelekwe kwa mganga wa wanyama, maana pengine ana minyoo au ugonjwa mwingine.

Na yule akataaye kula kabisa? Aliyetoka yaini juzi hana haja ya chakula mpaka ajivue gamba mara ya kwanza, kwa kuwa kiini cha yai kingali kikimlisha. Hata baadaye, macho yakigeuka meupe kama maziwa, yu karibu kujivua, naye hukataa chakula siku hizo. Wengine hukataa kwa hofu tu: sanduku ni kubwa mno, wala hamna pa kujificha. Wekeni maficho mawili, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, mkampe chakula jioni, kwa maana huyu ni mnyama wa usiku. Msimfumbue kinywa kwa nguvu. Hiyo ni kazi ya mganga. Mpimeni uzito kila juma na kuuandika. Usipopungua, ngojeni, ukiendelea kupungua, msikawie kutafuta msaada.

Nanyi watoto, mkiisha kumshika nyoka osheni mikono kwa sabuni, kwani hata aliye mzima huweza kuchukua vijidudu viletavyo homa na kuhara.

Wazee husema mvumilivu hula mbivu. Kwa chatu mchanga, uvumilivu ni wa mfugaji, na ashibaye ni nyoka.