Kwa nini tovuti ya serikali hukwama?

Wengi wetu tumewahi kujaza fomu ya serikali kwenye simu, tukafika katikati, ikagoma na bando likaisha. Tunalaumu mtandao, lakini mara nyingine kosa ni la waliojenga tovuti.

Mfano ni Marekani. Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ilifungua HealthCare.gov, tovuti ya kununulia bima ya afya. Siku hiyo ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha walikuwa 6 tu. Kampuni nyingi zilishika kazi hiyo, kila moja na kipande chake. Ufunguzi ukiwa umekaribia, iliamuliwa kwamba mtu afungue akaunti kwanza ndipo aone bei. Kwa msanifu wa kurasa, hiyo ni hatua moja tu. Kwa mtengeneza programu, ni umati mzima kupita mlango mmoja.

Baadaye wataalamu waliwekwa chini ya usimamizi mmoja, wakawa wanakutana kila siku. Kufikia Desemba, wengi waliweza kuitumia.

Huduma zetu nazo zinahamia kwenye simu. Tuulize mapema: je, msanifu na mtengeneza programu wamekaa meza moja? Na wameijaribu kwa simu kama zetu?