Acheni kuosha ndani

Karibu kila mwanamke anayeingia kwenye chumba chetu cha kupima mlango wa kizazi huanza kwa kunihakikishia kwamba amejisafisha. "Nesi, usiwe na wasiwasi, nimeoga vizuri, na ndani pia." Husema hivyo kwa heshima, kama mtu aliyefagia uwanja kabla mgeni hajafika. Nikimuuliza ametumia nini, majibu ni yale yale: sabuni ya kuogea, sabuni ya unga, dawa ya kuua vijidudu iliyozimuliwa kwa maji, maji ya chumvi, ndimu. Wenye uwezo kidogo wamenunua kwa simu chupa yenye picha ya ua, inayoitwa sabuni ya ukeni. Wengine wameweka shabu usiku uliotangulia ili kubana.

Mimi ni muuguzi mkunga hapa Temeke, Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya wiki yangu naipitisha na taa, spekulamu na bakuli la siki: napaka siki kwenye mlango wa kizazi, nangoja dakika moja, kisha natazama kama kuna weupe usiotakiwa. Ninachotaka kukisema gazetini ni kile ninachokisema chumbani kwa mwanamke mmoja mmoja na hakifiki mbali. Kuosha ndani ya uke kunaondoa ulinzi ambao mlango wa kizazi unautegemea, na sisi watu wa afya hatujalisema hili kwa sauti inayoweza kushindana na ya wauza chupa.

Uke wenye afya umejaa bakteria. Kwa wanawake wengi wanaotawala humo ni wa kundi la laktobasili, ambao daktari Mjerumani Albert Döderlein aliwaeleza tangu 1892. Ni jamaa wa wale wanaogandisha maziwa yakawa mtindi. Chakula chao wanakipata mwilini mwa mwanamke mwenyewe: homoni ya estrojeni hufanya seli za ukuta wa uke ziweke akiba ya sukari iitwayo glikojeni, seli zikibanduka sukari hiyo huvunjwavunjwa, na bakteria hawa huigeuza kuwa asidi ya laktiki. Ndiyo maana karatasi ya kupimia asidi ikigusishwa hapo huonyesha pH ya 3.8 hadi 4.5, ukali ambao vijidudu vingi vya maradhi haviuwezi. Sabuni ya kawaida ya kipande ina pH ya 9 au 10. Mwanamke anayeiingiza ndani asubuhi na jioni anaizimua asidi ile kila siku, na anawasomba wanaoitengeneza.

Wakipungua, nafasi yao huchukuliwa na wengine, akiwemo yule aitwaye Gardnerella. Ute unakuwa mwepesi, wa kijivujivu, na harufu inafanana na ya samaki. Harufu huzidi baada ya tendo la ndoa, kwa sababu shahawa si asidi na zikichanganyika na ute huo harufu inafumuka. Fikirini mwanamke anavyojisikia saa hiyo, mumewe akiwa pembeni. Asubuhi anaongeza sabuni. Harufu inapoa kwa saa chache, inarudi, anaongeza tena. Wapo niliowakuta wamekwenda hivyo miaka, bila kumwambia mtu.

Na mlango wa kizazi unaingiaje? Saratani yake husababishwa na virusi vya HPV, na Harald zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kulithibitisha hilo. Aina mbili, 16 na 18, ndizo zinazobeba takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Bakteria hawasababishi saratani, na anayewaambia hivyo anawatisha bure. Lakini wanawake wengi hupata HPV wakati fulani maishani, na kwa wengi wao mwili huifukuza ndani ya mwaka mmoja au miwili. Hatari iko kwa yule ambaye kirusi kinakaa kwake na hakitoki. Tafiti za nchi mbalimbali zimekuta kwamba mwanamke mwenye laktobasili wachache huwa na HPV mara nyingi zaidi, na kirusi hukawia zaidi kuondoka. Wataalamu bado wanabishana kipi humtangulia mwenzake, bakteria kuharibika au kirusi kuingia. Kinachojulikana ni kwamba bakteria wanaochukua nafasi huwasha uvimbe, na wana vimeng'enya vinavyokula ule ute mzito unaofunika mlango wa kizazi.

Ushahidi mwingine umetoka hapa hapa pwani. Mombasa, watafiti walifuatilia kwa miaka kumi wanawake wanaofanya biashara ya ngono, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Waliokuwa wakiosha ndani kwa maji matupu walipata VVU zaidi ya wasioosha, na waliotumia sabuni au vitu vingine hatari yao ilikuwa kubwa kuliko wote. Mwanamke anayeishi na VVU ana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani ya mlango wa kizazi. Nikiona kopo la sabuni ya unga kando ya ndoo ya kuogea, hesabu hiyo hainitoki kichwani.

Nakasirishwa na biashara hii, na sioni sababu ya kuficha. Kuna binti aliyekuja kwangu wiki mbili kabla ya harusi, ukeni pamebabuka na panavuja damu akiguswa. Alikuwa ameuziwa vidonge vya kubana katika kundi la WhatsApp na mtu asiyemjua, akaambiwa mwali asipobana ataachwa. Hakuwa na ugonjwa wowote kabla ya hapo. Alichokuwa nacho ni ute wa kawaida, ule unaovutika kama ute wa yai katikati ya mwezi na kuwa mzito siku nyingine, ambao kila mwanamke wa umri wake anao. Aliuziwa dawa ya kutibu uzima wake. Na wanaume wanaodai pawe pakavu wajue kwamba ukavu huo ni michubuko, na mchubuko ni njia ya maradhi kwao pia.

Upande wetu nako kuna la kurekebisha. Mwanamke akilalamika harufu dukani, atapewa mrija wa dawa ya fangasi bila kuulizwa maswali mawili. Akija kituoni, mara nyingi anatibiwa kwa dalili bila maabara, anapewa vidonge vya maradhi kadhaa kwa pamoja na kuondoka bila kuambiwa aache kuosha. Metronidazoli ni dawa nzuri kwa tatizo hili la bakteria kuharibika, lakini kwa zaidi ya nusu ya wanawake hali hurudi ndani ya mwaka. Mwaka 2025 watafiti wa Melbourne, Australia, walionyesha sababu moja, kwamba bakteria hurudi kutoka kwa mwenzi: walipowatibu na wanaume pia, kwa vidonge na krimu ya kupaka, tatizo lilirudi kwa asilimia 35 ya wanawake ndani ya wiki 12, badala ya asilimia 63 pale mwanamke alipotibiwa peke yake. Mama anayerudi kwangu mara ya tatu akiitwa mchafu nyumbani kwake anastahili kusikia habari hiyo, na mumewe aisikie akiwa amekaa kiti cha pili. Wala harufu hiyo si ushahidi kwamba kuna aliyetoka nje ya ndoa.

Ninachotaka hakihitaji fedha nyingi. Kila chumba cha kipimo cha siki kiwe na karatasi za pH, na kila mwanamke anayepanda kitandani aulizwe anaosha na nini, aelezwe, aandikiwe. Mamlaka zinazosimamia dawa na vipodozi ziwafuate wanaotangaza bidhaa za kuingiza ukeni kwa ahadi za kutibu kila kitu. Na hapa niwaombe wasomaji wasinielewe vibaya: mwenye bakteria wazuri naye anaweza kuugua saratani. Kipimo kinabaki pale pale, kuanzia miaka 30, au 25 kwa anayeishi na VVU. Chanjo nayo inabaki. Tangu 2024 binti wa miaka 9 hadi 14 hapa Tanzania anamaliza kwa dozi moja. Wala msiende kuweka mtindi ukeni kwa sababu nimeutaja, maana bakteria wake si wale wanaoishi humo.

Siku hizi nakaa na makungwi wa mtaani kwetu, kwa sababu mwali huwasikia wao kabla hajanisikia mimi. Bibi mmoja aliniuliza, "Sasa, mwanangu, ukiniondolea haya yote, mwali nimfundishe nini?" Nikamjibu kwamba amfundishe kuosha nje tu kwa maji safi, aujue ute wake wa kila wiki ya mwezi, na harufu ikibadilika aje kituoni asiende kwa muuza chupa. Shabu amekubali kuiacha. Ndimu bado tunabishana, na Jumamosi narudi kwake.