Kujifunza programu: vijana wasingoje kompyuta

Vijana wengi waliohama vijiji vyao huko Kivu ya kaskazini wanasema hawawezi kujifunza kutunga programu kwa sababu hawana kompyuta, na umeme nao unakatika. Ni kweli, lakini kuanza kunawezekana.

Lugha ya Python, aliyoitoa Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, ni ya bure na inafanya kazi hata ndani ya simu ya Android. Programu kama Pydroid 3 ikishapakuliwa, kijana anaweza kuandika na kujaribu masomo ya kwanza bila intaneti. Simu ikizimika, kuna daftari: hatua zipangwe kwanza kwa kalamu. Mfano ni mgao wa unga, kilo 50 kwa watu 20. Akiandika print(50 / 20), simu inajibu 2.5. Akiweka 0 mahali pa 20, inakataa na kuonyesha mstari wenye kosa. Asiogope. Kutafuta kosa ndiyo sehemu kubwa ya kazi hii, hata kwa mafundi.

Tatizo ni vituo vinavyolipisha wazazi dola kwa cheti cha informatiki, kumbe mtoto amefundishwa kuandika barua na kuchora majedwali tu. Hayo yana faida, lakini si kutunga programu. Mzazi aulize kabla ya kulipa: mwanafunzi atatoka ameunda nini yeye mwenyewe?

Na wasio na simu? Watatu wanaweza kutumia moja, mmoja akiandika, wengine wakisoma na kumsahihisha.