MWENYE DENI ASINYANG'ANYWE JEMBE



Msimu huu tumesikia wakopeshaji wa "kausha damu" wakitishia kuswaga maksai na kubeba plau, hata debe la mbegu ya alizeti. Deni lilipwe, hapo hatubishani. Lakini mkopeshaji siyo mahakama! Na mahakama yenyewe, kwa Sheria ya Mwenendo wa Madai ya 1966, haikamati zana za mkulima, wala ng'ombe na mbegu inazoona anazihitaji ili aishi kwa kilimo chake. Sufuria na kitanda pia haigusi.

Walimu na wenzetu wengine wa mshahara, Sheria ya Ajira ya 2004 yasema mwajiri asikate deni mpaka ukubali kwa maandishi, ama pawepo sheria au amri ya mahakama. Basi karatasi hujaisoma, sahihi ya nini?

Wengine wanasema, "Nitajitangaza nimefilisika, yaishe." Hayaishi hivyo. Anayetamka ni Mahakama Kuu, kwa Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, na mali inashikwa igawiwe wanaodai. Ng'ombe uliowahi kuwaficha kwa shemeji wanaweza kurudishwa.

Mwenye hati ya deni aje nayo kwa karani wa ushirika kabla hajauza mazao.