Kipaji Hakilipi Nyumba

Sifa ninayoichukia kuliko matusi ni hii: "Huyu amejifunza mwenyewe!" Nimeipata sana tangu niache chuo kwa kukosa karo. Anayenisifu hivyo ndiye huyo huyo ataniomba nimwandikie makala ya bure, eti jina langu litajulikana. Sawa, mimi bado kijana, nitahangaika. Hasira ya leo ni kwa ajili ya wazee wa gita.

Kawangware ni mtaa wa Waluhya wengi. Shuka stegi ya 46 jioni, si ajabu ukute gita la magharibi likilia kwenye redio ya kinyozi. Mtindo huo unaitwa omutibo. Aliyeupa sura tunayoijua ni George Mukabi wa Kisa, aliyeimba Kiswahili: kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinachonga sauti ya juu, na kando kuna mtu anagonga chupa ya Fanta. Watu wawili, bendi nzima. Hakuna chuo kilichofundisha hiyo.

Sasa mwandishi akifika hapo huandika "kipaji cha kuzaliwa" na kufunga daftari. Kipaji gani, boss? Kukifanya kidole gumba kisahau kabisa kile kingine kinafanya nini ni kazi ya miaka, vidole vikiota sugu. Lakini tukiiita zawadi ya Mungu, deni linapotea. Zawadi hailipiwi.

Mukabi alikufa 1963. Sheria ya hakimiliki ya Kenya huru ikaja 1966. Tuliyonayo sasa, ya 2001, humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliokufa. Piga hesabu. Mwaka 2013 ukaisha, na ulinzi wake ukaisha nao. Leo hii mtu anaweza kuchukua "Sengula Nakupenda", aiimbe upya kwenye tangazo la unga, na asiwape watu wa Mukabi hata soo. Ni halali kabisa. Ndiyo inaniudhi.

Wala si Kenya tu. Banjo, ambayo wengi wetu tunadhani ni ya wazungu wa kofia pana, ilitengenezwa na Waafrika waliofanywa watumwa Karibi na Marekani, wakikumbuka vyombo vya kibuyu na ngozi vya Afrika Magharibi, kama akonting ya Wajola. Karne ya 19 wazungu wakajipaka masizi usoni, wakapanda nayo jukwaani, wakauza tiketi. Wenyewe wakaachiwa sifa kwamba wana muziki damuni. Damuni! Kama malaria.

Najua nitajibiwa kwamba wazee walipiga kwa furaha, pesa ni tamaa ya siku hizi. Haya, kaulizeni kampuni za rekodi kama zilichapa santuri kwa furaha. Kaulizeni na wenye baa kama bia ilitoka bure gita likilia.

Kwa hivyo, wewe unayepanga harusi Jumamosi na unataka "kamzee ka gita" kaje kapendeze picha: uliza bei mapema, usimpige chini kama unanunua sukuma. Tuma nusu kwa M-Pesa kabla hajatoka kwake. Nauli ni juu yako, ya kuja na ya kurudi, yeye na mtu wake wa chupa. Na chakula si malipo.