Garanti imekwisha kuliwa, rangi ya ukuta inasingiziwa

Msimu wa kuhama umefika. Tangu mashule yafungwe, kila asubuhi hapa Lukafu pusupusu zinapita zimejaa magodoro, mabeseni, mbabula na televisheni iliyofungwa ndani ya blanketi. Familia zinataka kukaa sawa kabla masomo hayajaanza tena mwezi wa tisa, na kabla ya mvua. Nyuma ya pusupusu nyingi kuna ugomvi ulioachwa mlangoni.

Kila mtu katika mji wa Lubumbashi anaujua ugomvi huo. Mwenye nyumba anapita chumba kwa chumba, mpangaji yuko nyuma yake. Anagusa ukuta kwa kidole. Anahesabu mashimo ya misumari. Anafungua bomba, anafunga. Mwishoni anatoa hesabu: rangi ya nyumba nzima, kioo kimoja, kitasa cha mlango wa nyuma, na kitu kinachoitwa "usafi". Kwenye garanti ya dola 300 zinabaki 40. Na hizo 40, mpangaji arudi kuzichukua mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukifika, papa bayeri amesafiri.

Tumesikia malalamiko ya namna hii mara nyingi, kutoka pande zote mbili, na tumefikia maoni yetu. Mara nyingi shida si rangi. Shida ni kwamba garanti haipo tena. Iliingia, ikatumika, na siku ya kuirudisha mwenye nyumba anatafuta maneno ya kuziba pengo. Ukuta hauwezi kujitetea, kwa hiyo lawama zote zinawekwa juu yake.

Tuangalie pesa hizo zinakwenda wapi. Mtu ana parseli, amejenga anekse mbili nyuma ya nyumba yake. Lokatere anapoingia analeta miezi mitatu kwa mara moja. Kwa familia nyingi hizo ni pesa kubwa kuliko zote wanazozishika kwa mkono katika mwaka. Zinanunua mabati ya anekse ya tatu, zinalipa shule, zinamaliza deni la hospitali, zinakwenda kwenye matanga. Hakuna aliyeiba. Lakini baada ya miaka mitatu mpangaji anasema anaondoka, na njia pekee ya kumlipa ni kumpata mwingine wa kuleta garanti mpya. Maana yake, pesa za anayetoka ziko ndani ya mfuko wa mtu ambaye bado hajaja.

Naye anayetoka hawezi kungoja. Kama nyumba anayoiendea ni ya dola 100, wanamdai 300 za garanti, 100 za mwezi wa kwanza, na komisionere naye anangoja chake mlangoni. Alikuwa amepanga kutumia garanti ya zamani kulipia garanti mpya. Ikikosekana, anakwenda kwa wakopeshaji wa mtaani, wale tunaowaita "banque Lambert", na tunajua riba zao. Hivyo kioo cha dola 5 kinaweza kumtia mtu katika deni ambalo mwaka mzima hautoshi kulimaliza.

Sheria ipo. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu nyumba za kupanga zisizo za biashara, inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Wapo wanaodai zaidi, na wapangaji wanalipa kwa sababu nyuma yao wamesimama watu wengine watatu wanaoitaka nyumba hiyohiyo. Na zamani zaidi, dekreti ya 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo bado ni sehemu ya sheria zetu za kiraia, iliweka kanuni rahisi: kama pande mbili ziliandika hali ya nyumba siku ya kuingia, ile hati inayoitwa kwa Kifaransa état des lieux, mpangaji anarudisha nyumba kama hati inavyosema, isipokuwa kile kilichoharibika kwa uzee au kwa nguvu ambazo mtu hawezi kuzizuia.

Uzee. Neno hilo ni kiini cha magomvi mengi. Lubumbashi ina vumbi jekundu la kiangazi, ina mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, ina mchwa wasiochoka. Rangi iliyopakwa miaka minne iliyopita imezeeka, hata kama ndani ya nyumba angeishi mtu asiyegusa ukuta kamwe. Mabati yakivuja na dari ikapata madoa, hilo ni la mwenye nyumba. Kioo kilichovunjwa na mpira wa mtoto ni la mpangaji, na alilipe lote. Na kama watoto wameandika ukutani kwa makaa, basi tufanye hesabu ya watu wazima: tukikubali kwamba rangi inakaa miaka mitano, na mpangaji amekaa minne, alipe sehemu moja kati ya tano. Kumtoza rangi mpya yote ni kumfanya amnunulie mwenye nyumba kitu ambacho kilikuwa kimekwisha.

Mwandishi wa mistari hii aliwahi kukatwa dola 15 kwa mashimo ya misumari. Misumari ile ilikuwepo siku aliyoingia. Mmoja ulikuwa bado umeshika kalenda ya mpangaji aliyemtangulia. Lakini karatasi haikuwepo. Vyuma vya madirisha alivyoviweka kwa pesa zake, baada ya wezi kupita parseli ya jirani usiku, vilibaki pale, na hakuna aliyevitia kwenye hesabu. Ni ajabu jinsi macho ya kukagua nyumba yanavyoona shimo la msumari na kuruka kitasa kipya.

Hata hivyo tusiwafanye wenye nyumba wote kuwa watu wabaya. Wazazi wetu wengi walikaa kwenye kambi za Union Minière, kisha Gécamines. Kampuni ilitoa nyumba, na hakuna aliyejua garanti ni nini. Mambo yalipoharibika, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka Gécamines katika ule mpango wa "kuondoka kwa hiari" wa miaka ya 2003 na 2004, kwa familia fulani kilichobaki kilikuwa nyumba. Leo kuna mama mjane anayekula kwa kodi ya anekse moja. Mpangaji wake akitoroka usiku na kumwachia deni la umeme la Snel na la maji la Regideso, huyo mama ndiye anayekatiwa waya. Akikuta mlango umepasuka na choo kimeziba, ni yeye anayemwita fundi. Garanti iliwekwa kwa ajili ya siku hiyo, na ni haki yake kuikata. Tunachokataa ni kukata bila ushahidi, na kukata ili kuficha mfuko mtupu.

Kuna dawa moja ambayo mji umejitungia wenyewe: "kula garanti". Mpangaji akitoa notisi ya miezi mitatu, kama sheria inavyotaka, mwenye nyumba anamwambia akae miezi hiyo bila kulipa, na wanaachana. Ni mapatano ya kiungwana kuliko kelele za barabarani, na mara nyingi ndiyo njia pekee, kwa vile pesa hazipo. Lakini ina matundu mawili. Anayehama anafika kwenye nyumba mpya mikono mitupu, isipokuwa kama aliweza kuweka pembeni kodi ya miezi hiyo mitatu, na ni wachache wanaoweza. Naye mwenye nyumba, siku ya funguo, hana kitu cha kujifunika kama deni la Snel litajitokeza. Wanaochagua njia hii wafanye ukaguzi mwanzoni mwa notisi, wasingoje mwisho. Mpangaji atapata muda wa kumwita fundi wake, kwa bei yake, na kutengeneza mwenyewe kile alichokiharibu.

Jambo lingine linalosahaulika ni aina ya pesa. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa karibu franka 930. Mwishoni mwa 2017 ilikaribia 1,600. Mwaka 2024 ilipita 2,800. Aliyetoa garanti kwa franka mwaka 2016 na kurudishiwa hesabu ileile ya franka miaka minane baadaye, amerudishiwa theluthi tu ya thamani yake. Tangu 2025 franka imepanda, na sasa wale waliotoa dola wanaweza kuambiwa wachukue franka kwa kiwango cha zamani au cha leo, kulingana na kipi kinamfaa anayelipa. Iandikwe siku ya kwanza: pesa gani iliingia, na pesa gani itatoka.

Tatizo linarudi palepale, kwenye karatasi. Kwa nini watu hawaandiki? Mpangaji anaona aibu: akitoa simu kupiga picha za kuta siku ya kuingia, ataonekana mtu wa shida, na nyumba itapewa mwingine. Mwenye nyumba anaogopa kodi ya serikali. Kila karatasi yenye jina lake na bei ya nyumba anaiona kama barua ya kumwita DRHKAT aje kudai ushuru wa mapato ya nyumba za kupanga. Hatuungi mkono kukwepa ushuru. Lakini hofu hiyo ipo, na ndiyo inayomwacha mpangaji bila ushahidi, na mwenye nyumba vilevile.

Pendekezo letu ni kutenganisha mambo mawili. Hati ya hali ya nyumba haihitaji kuonyesha bei. Inahitaji vyumba, kuta, milango, vioo, vitasa, mabomba, namba za mita ya umeme na ya maji siku hiyo, madeni yaliyoachwa na aliyetangulia, na sahihi mbili. Ukurasa mmoja. Picha za simu zitumwe kwa pande zote mbili siku ileile. Garanti yenyewe ikilipwa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, inaacha alama ambayo hakuna atakayeikana. Na siku ya kutoka, kila dola inayokatwa iwe na risiti ya fundi au ya duka. Bila hati ya kuingia na bila risiti, garanti irudi nzima, ukiondoa kodi na madeni ya umeme na maji yanayoonekana wazi.

Muda nao uwekwe. Nchini Ufaransa, sheria inampa mwenye nyumba mwezi mmoja kurudisha garanti kama nyumba iko kama ilivyokuwa, miwili kama kuna kasoro. Ubelgiji garanti huwekwa benki, katika akaunti iliyofungwa kwa jina la mpangaji mwenyewe, na hakuna wa kuila. Hapa kwetu, ambako wengi hawana akaunti, hatutafika huko mwaka huu. Lakini mwezi mmoja unaweza kuandikwa kwenye mkataba wowote, hata ule wa mkono kwenye karatasi ya daftari.

Mpangaji aliyenyimwa haki asikimbilie polisi, wala mwenye nyumba asimwite polisi kumtisha mtu kwa sababu ya rangi. Njia ni kwenda kwanza kwenye ofisi ya makao, service de l'habitat ya komini, kutafuta upatanisho. Ikishindikana, ofisi inaandika kwamba upatanisho umeshindikana, na kesi inakwenda tribunal de paix. Wengi wanaacha njiani kwa sababu usafiri na siku za kazi zinazopotea zinakula zaidi ya garanti yenyewe, na wenye nyumba wabaya wanalijua hilo vizuri.

Ndiyo maana tunaigeukia komini. Maajenti wa habitat wanajua kufika kwenye parseli wakati wa mihuri na malipo. Wafike na fomu ya ukurasa mmoja, bila bei, bila malipo, iachwe kwa mkubwa wa kila mtaa ili anayeingia nyumba aichukue bila kuomba. Kazi hiyo haihitaji bajeti ya jimbo. Fomu zinaweza kuwa tayari kabla ya mvua za Novemba, na kwa hakika kabla ya Julai ijayo, pusupusu zitakapoanza kupita tena.