Ubao wa Umeme si Utundu

Mwanafunzi mpenzi, ukimwona kijana wa Rumonge akiunda ubao wa magurudumu mawili, wenye mota na betri zilizotolewa katika kompyuta kuukuu, utamwita fundi au mtundu? Wengi humwita mtundu. Nami nasema wanakosea.

Kaskazini yetu, mjini Goma, watu huchonga chukudu kwa mbao, wakaifunga magurudumu mawili, wakabebea viazi, makaa na kuni. Haikutoka kiwandani, hata hivyo imesimamishiwa sanamu mjini humo. Sisi je? Mwezi Machi 2022 baiskeli, bajaji na pikipiki zilipigwa marufuku katikati ya Bujumbura. Vilivyokatazwa ni vyombo vya wanyonge, katika nchi ambayo petroli ikiadimika, nasi tumezoea kuadimika kwake, mawese husafirishwa kwa baiskeli.

Utaniuliza: na ajali? Swali lako ni la haki. Ubao usio na breki humwumiza mpita njia, na betri iliyounganishwa vibaya huwaka moto. Kwa hiyo sheria na ipime breki, taa na mwendo. Isimkataze fundi kabla ya kuikagua kazi yake. Fundi naye asidai barabara huku akikwepa ukaguzi. Haki na wajibu ni magurudumu mawili ya ubao mmoja: ukiling'oa moja, mpandaji huanguka, na raia vilevile.